Mkunazini: Mtaa wa Kanisa Kuu la Unguja na Nyumba ya Askofu Wake

Swali moja halikosi kuulizwa katika madarasa ya Kiswahili hapa Uganda. Je, Kiswahili si lugha ya wafanyabiashara ya utumwa? Walio wengi miongoni mwetu hulijibu kwa haraka. Husema kwamba Kiswahili ni lugha ya Kiafrika, yenye asili ya Kibantu, kisha hurejea kwenye ngeli za majina. Maneno hayo ni kweli tupu, lakini si jibu. Mwanafunzi hakuuliza habari za viambishi. Aliuliza ni akina nani waliosema lugha hii zamani, na waliitumia kwa kazi gani.

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza historia ya mahali pamoja tu, yaani Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Hapo hapo likajengwa kanisa kuu la Kianglikana pamoja na nyumba ya misheni ya askofu wake. Na kutokana na kazi ya misheni hiyo vilitoka vitabu vilivyokiweka Kiswahili cha Unguja mbele ya walimu wa Afrika ya Mashariki yote. Mambo hayo matatu hayawezi kutenganishwa, na mwalimu anayetaja moja na kuyaficha mengine humpa mwanafunzi wake nusu ya habari.

Kanisa, askofu na kasri

Kwanza tuyaangalie maneno yenyewe. Neno "kanisa" limetujia kutoka Kiarabu. "Askofu" nalo limepitia Kiarabu, ambacho kililipata kutoka Kiyunani. "Kasri", yaani jumba la mfalme au la mtu mkuu, ni Kiarabu vile vile. Kwa hiyo Mkristo wa pwani asemapo "askofu" hutumia neno lililokwisha kukaa vinywani mwa jirani zake Waislamu. Jambo hili litatufaa hapo mbele.

Katika nchi za Ulaya, kanisa kuu na kasri la askofu mara nyingi vilisimama pamoja, na kuzunguka hapo mtaa mzima ukakua: nyumba za mapadre, shule, hospitali, maduka na mafundi. Mfano mmoja ni Durham, mji wa kaskazini ya Uingereza. Huko kanisa kuu limekabiliana na ngome iliyokuwa kasri la askofu kwa karne nyingi, na askofu yule alikuwa na mamlaka karibu na ya mfalme. Katika miaka ya 1830 ngome hiyo iliachiwa Chuo Kikuu cha Durham. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu Durham, pamoja na Oxford, Cambridge na Dublin, ni miongoni mwa vyuo vikuu vilivyounda Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi UMCA. Misheni hiyo ndiyo iliyojenga Mkunazini.

Wajumbe wake hawakuja Unguja kuishi maisha ya kasri. Walikaa pamoja, wakala pamoja, na hawakulipwa mshahara bali posho ndogo tu. Hata hivyo, kama tutakavyoona, nyumba yao ya kwanza ilikuwa na fahari ya kutosha.

Soko

Jina la Mkunazini latokana na mkunazi, mti wa miiba uzaao matunda madogo yaitwayo kunazi. Mtaa huo uko upande wa mashariki wa Mji Mkongwe, karibu na Darajani. Zamani mkono wa bahari ulipita hapo, ukiutenga mji wa mawe na sehemu ya Ng'ambo.

Katika miaka ya 1860 soko la watumwa la mjini lilikuwa Mkunazini. Watu waliletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakateremshwa Kilwa na bandari nyinginezo, kisha wakapakiwa majahazini hadi Unguja. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba kiasi cha watu 15,000 hadi 20,000 walipitishwa Unguja kila mwaka wakati huo. Baadhi yao walibakishwa katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakapelekwa Arabuni na kwingineko.

Hatuna budi kukumbuka kwamba mateka hao hawakuwa na lugha moja. Alikuwepo Myao, Mnyasa, Mmakua na Mzaramo. Walipofika Unguja, lugha waliyoweza kusemezana wao kwa wao ilikuwa Kiswahili. Mnunuzi alipatana bei kwa Kiswahili, na mnunuliwa akajifunza Kiswahili apate kumwuliza mwenzake atokako. Lugha ilikuwa moja, nao wasemaji walikuwa katika pande mbili za soko.

Mwanzoni mwa mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kumshawishi Sultani Barghash bin Said akomeshe biashara hiyo. Sultani hakukubali. Mnamo tarehe 5 Juni 1873, baada ya kutishiwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari, alitia sahihi mkataba mbele ya balozi John Kirk. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku, na soko la Mkunazini likafungwa.

Wanafunzi wetu wasidhani kwamba utumwa wenyewe uliisha siku hiyo. Kilichokatazwa kilikuwa biashara. Waliokuwa watumwa mashambani na majumbani waliendelea kuwa watumwa, mpaka amri ya mwaka 1897 ilipowapa nafasi ya kudai uhuru wao. Amri hiyo nayo haikuwagusa masuria, na wao walingoja hadi mwaka 1909. Kwa hiyo kanisa kuu la Mkunazini lilijengwa na kutumika kwa zaidi ya miaka 20 katika mji ambao bado ulikuwa na watumwa.

Nyumba ya kwanza ya askofu

Misheni ya UMCA ilianza kwa msiba. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie alifika Magomero, katika nyanda za juu za mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi. Mnamo Januari 1862 aliaga dunia kwa homa, na baadhi ya wenzake wakamfuata. Askofu wa pili, William Tozer, aliona kwamba mahali hapo hapakaliki. Mwaka 1864 aliihamisha misheni hadi Unguja, akifuatana na padre aliyekuwa amesomea sheria, jina lake Edward Steere.

Nyumba waliyokaa ilikuwa Shangani, mbele ya bahari, nayo yaitwa Mambo Msiige. Ilijengwa na tajiri wa Kiarabu kati ya mwaka 1847 na 1850. Yasimuliwa kwamba mwenye nyumba aliagiza mayai mengi yachanganywe na chokaa ili kuta ziwe imara, na kwamba kwa ajili ya gharama hizo watu wakaonywa wasimwige. Haidhuru habari ya mayai iwe kweli au chumvi tu, jina limebaki. Tunaona kwamba ni jina la ajabu kwa makao ya kwanza ya askofu Mwanglikana wa Unguja, maana kazi ya misheni ni kuwataka watu waige!

Ndani ya nyumba hiyo shule ilianza kwa watoto watano. Sultani Majid alimpa Tozer wavulana hao baada ya kukamatwa kwa jahazi lililokuwa limewachukua kinyume cha sheria. Wawili kati yao walikuja kujulikana kwa majina ya John Swedi na George Farajallah. Mwaka 1870 wote wawili waliwekwa katika daraja ya ushemasi mdogo, na mwaka 1879 Swedi akawa shemasi kamili. Baadaye shule ya wavulana ilihamia Kiungani, kusini ya mji, nayo Mbweni ikanunuliwa mwaka 1871 na kuwa kijiji cha watu walioachwa huru na shule ya wasichana.

Nyumba ya Mambo Msiige iliingia mikononi mwa ubalozi wa Uingereza, ukakaa humo hadi mwaka 1913. Katika karne yetu hii imeunganishwa na hoteli kubwa.

Ujenzi wa kanisa kuu

Mara baada ya soko kufungwa, padre mmoja wa misheni, Arthur Nugent West, alinunua sehemu ya kiwanja kile. Sehemu nyingine ilitolewa bure na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi liliwekwa. Wakati huo Tozer alikuwa amejiuzulu kwa ugonjwa, na Steere akapewa uaskofu mwaka 1874.

Steere alikuwa mtu wa vitabu, lakini hapo aligeuka mwashi. Alitumia mawe ya matumbawe ya kisiwani, akayasaga na kuyachanganya na saruji. Paa aliliweka kwa namna ya nusu ya pipa, bila boriti za mbao ambazo mchwa wangezila. Kazi ya namna hiyo ilikuwa ngeni mjini, na walikuwepo waliobashiri kwamba paa litaporomoka. Siku ya Krismasi ya mwaka 1879 ibada ilifanywa chini yake, na hadi leo halijaporomoka. Umbo la jengo ni mchanganyiko: madirisha yaliyochongoka ya Kizungu, na mapambo yenye kukumbusha ufundi wa Kiarabu.

Jina la Steere limeandikwa katika kila habari ya kanisa hilo. Majina ya waliobeba mawe, kukoroga chokaa na kupanda majukwaani hayakuandikwa. Katika Unguja ya siku zile watumwa wengi walikodishwa na mabwana zao kwa kazi za kutwa mjini, wakapewa cheti cha kazi ya siku. Wataalamu wengi waeleza kwamba neno "kibarua" limetoka huko, yaani barua ndogo. Kwanza kilikuwa cheti, kisha kazi yenyewe, kisha mtu aifanyaye. Kila mara mtu asemapo "nimepata kibarua", anaigusa historia ya mji ule bila kujua.

Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Nyumba ya misheni na kiwanda cha maneno

Kando ya kanisa ilisimama nyumba ya misheni, na karibu yake shule na hospitali. Hapo ndipo palipokuwa kasri la askofu, kama tutapenda kuliita hivyo. Lakini hazina ya askofu huyu ilikuwa karatasi.

Tangu mwaka 1864 Steere alijifunza Kiswahili kwa kusikiliza. Aliketi na masheikh na waungwana wa mjini, akaketi pia na wavulana wa shule. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na wavulana wakafundishwa kupanga herufi za risasi. Mwaka 1870 zilitoka kazi mbili kubwa za Steere huko London: kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na mkusanyo wa hadithi za Kiswahili. Ndani ya mkusanyo huo zimo habari za Sultani Darai, za punda wa dobi, na za shujaa Liongo. Jina la kitabu hicho lenyewe lakiri kwamba hadithi zake zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja. Steere hakuzitunga, alishika kalamu, wenyeji wakasema.

Haifai pia kudai, kama wengine wadaivyo, kwamba misheni ndiyo iliyoanza kukiandika Kiswahili. Kabla ya Steere kuzaliwa, washairi wa pwani walikwisha kutunga tenzi ndefu na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wa Tambuka, kwa mfano, ni wa mwaka 1728. Kazi ya misheni ilikuwa kuchapa kwa herufi za Kirumi na kuandika vitabu vya shule.

Katika kufasiri maandiko, Steere hakulazimika kubuni maneno mengi. Sala, dhambi, imani, malaika, nabii, Injili, yote hayo aliyakuta. Waislamu wa pwani walikuwa wameyatumia kwa vizazi vingi. Agano Jipya zima kwa Kiswahili cha Unguja lilipigwa chapa mwaka 1883, na Biblia nzima ikafuata mwaka 1891. Mwandamizi wake katika kazi za lugha, A. C. Madan, alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1888 huko Kiungani kulianzishwa gazeti liitwalo Msimulizi, ambalo vijana wa shule na walimu waliotawanyika bara waliliandikia habari zao. Kwa jinsi hiyo, watu waliotolewa makwao wakiwa mateka, au watoto wao, walikuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa magazeti ya Kiswahili.

Mwalimu aliyeomba chaki

Sasa twafika mahali panapotuhusu sisi wa Uganda. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika katika jumba la Kabaka Mutesa. Katika msafara wake alikuwemo kijana Dallington Maftaa, aliyesoma katika shule ya misheni ya Unguja, shule ambayo wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto waliookolewa utumwani. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki Buganda amsomee Kabaka maandiko.

Kiswahili hakikuwa kigeni katika jumba lile. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekifikisha pamoja na nguo, bunduki na Uislamu, na walinunua huko pembe za ndovu na watumwa. Hatuna sababu ya kuficha hayo. Lakini tuangalie kijana huyu aliifanyia nini lugha ile ile. Mwaka 1876 alimwandikia Askofu Steere barua. Alimwomba ampelekee sala za Kiswahili na Biblia moja kubwa. Tena akamwomba vibao vya kuandikia, ubao na chaki, apate kuwafundisha Waganda.

Ndugu walimu, hayo ni maombi ya mwalimu yeyote wa leo mwenye darasa lisilo na vifaa. Tukiwatafuta waliotutangulia katika kazi hii hapa Uganda, Dallington ana haki ya kutajwa miongoni mwa wa kwanza, kwani hatumsomi akiomba malipo wala cheo, bali chaki.

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipofika Buganda mwaka 1877, walikuta njia imekwisha kusafishwa. Alexander Mackay, aliyefika mwaka uliofuata, alitumia maandiko ya Kiswahili yaliyotoka kwa Steere kabla ya Luganda kupata vitabu vyake. Biblia nzima ya Luganda ilikamilika mwaka 1896, na Kiswahili kikarudi nyuma. Lakini alama zimebaki. Kitabu kwa Luganda ni "ekitabo". Kitenzi "okusoma" kina maana ya kusoma, na pia ya kwenda kusali, kwa sababu siku zile aliyesoma ndiye aliyesali, na waumini wakaitwa wasomaji.

Maaskofu waliofuata

Baada ya Steere alikuja Charles Smythies, aliyesafiri kwa miguu mara nyingi hadi Ziwa Nyasa, akafariki baharini mwaka 1894. Katika siku zake, mwaka 1890, Cecil Majaliwa aliwekwa kuwa padre, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika misheni hiyo. Majaliwa alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akafundishwa Kiungani, kisha akatumwa kuhudumu kusini, katika nchi ya Wayao wenzake. Barabara iliyomleta pwani akiwa mateka ilimrudisha akiwa mwalimu.

Askofu mwingine wa kukumbukwa ni Frank Weston, aliyeshika kiti mwaka 1908 na kufariki mwaka 1924. Mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kazi katika Afrika ya Mashariki. Aliona kwamba kulikuwa na namna ya utumwa iliyorudi kwa mlango wa nyuma, na kiti chake kilikuwa katika kiwanja cha soko.

Yasimuliwayo na yaliyothibitika

Anayetembelea Mkunazini husimuliwa mengi, na mwalimu anayewapeleka wanafunzi hana budi kupambanua.

Altare, wasema, imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Hii ni mapokeo ya kanisa lenyewe, na watu wameyaheshimu kwa miaka mingi. Zile nguzo fupi zilizo karibu na mlango zimesimama juu chini. Hadithi ni kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Nguzo zaonekana kwa macho, lakini kisa ni cha mdomo. Saa ya mnara yasemwa ilitolewa na Sultani Barghash. Msalaba mmoja ulio ndani umechongwa kwa mbao za mti wa Chitambo, katika nchi ya Zambia, ambapo chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873.

Jambo linalotaka uangalifu zaidi ni vyumba vya chini ya ardhi vya jengo lililo karibu na kanisa. Wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja kuuzwa. Jengo hilo lilikuwa hospitali ya misheni, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Kwa sababu hiyo watafiti kadhaa wameitilia shaka habari hiyo. Twashauri mwalimu aiseme shaka hiyo waziwazi. Mateso ya Mkunazini yameandikwa na mashahidi wa wakati ule, na hayahitaji kuongezewa chumba. Tukilazimisha chumba kimoja kisicho na uhakika, asiyetaka kuamini atapata kisingizio cha kukanusha na yaliyo kweli.

Uani mwa kanisa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kuna shimo lenye sanamu za mawe za watu waliofungwa minyororo, kazi ya mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Hapo hakuna anayedai kwamba ni mabaki ya soko. Ni ukumbusho uliofanywa kwa makusudi, na kwa hiyo hausemi uongo. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mwaka 2016 kanisa likamaliza kutengenezwa upya na kituo cha historia ya utumwa kikafunguliwa katika eneo lake.

Kutoka Mkunazini hadi Kiswahili sanifu

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Wenyeji wa Mombasa na Lamu walinung'unika, nao walikuwa na hoja, kwa kuwa ushairi mkubwa wa zamani ulikuwa wa lahaja zao. Kiunguja kilikuwa kimeenea sana bara kwa njia ya misafara. Tena kilikuwa na sarufi, kamusi, Biblia na vitabu vya shule vilivyokwisha kuchapwa, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo ilikuwa kazi ya misheni ile.

Sasa tunaweza kulijibu swali tuliloanzia. Ndiyo, Kiswahili kilisemwa na wauzaji wa watumwa. Kilisemwa pia na waliouzwa. Na Kiswahili cha vitabuni tunachokifundisha hakikupokewa mkononi mwa wauzaji. Kimepitia kwa masheikh na wasimulizi wa Unguja waliokisema kikaandikwa, kwa vijana walioachwa huru waliopanga herufi zake, na kwa walimu kama Swedi, Majaliwa na Dallington waliokichukua bara. Askofu alikuwa na kalamu na mtambo, na sifa yake haipungui kwa kuwataja waliompa maneno.

Swali hili litazidi kuulizwa. Mwaka 2005 katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike rasmi na kufundishwa kwa lazima shuleni. Madarasa yatajaa wanafunzi ambao hawakukichagua kwa hiari yao, na baadhi yao watakuja na kinyongo walichokirithi kwa wazee wao.

Kwa kazi ya darasani twapendekeza zoezi hili. Mwalimu aandike ubaoni miaka sita: 1864, 1873, 1876, 1879, 1897, 1928. Wanafunzi wagawanywe katika makundi, kila kundi lieleze tukio la mwaka mmoja kwa Kiswahili chake lenyewe, na liseme ni akina nani waliokuwepo ambao majina yao hayakuandikwa. Kundi la mwaka 1876 lipewe pia kazi ya kuandika barua kwa askofu, kuomba vifaa vya shule. Wasahihishwe sarufi, lakini wasikatazwe kuomba vingi.